Gobore ni bunduki au si bunduki?

Nimekuwa kimya karibu mwezi mzima, na sababu ni mradi mmoja ulionikosesha usingizi. Leo sina simu mpya wala lugha mpya ya programu ya kuwaonyesha. Nina historia, tena ya bunduki. Vumilieni, tutapitia kwenye tarakilishi kwanza.

Mteja wetu mmoja wa ng'ambo ana tovuti ya kunadi vitu vya kale: saa, sarafu, ramani, panga za kijeshi, na bunduki za zamani. Kazi niliyopewa ilionekana ya nusu siku. Muuzaji akiingiza maelezo ya bunduki, programu iamue kama ni kitu cha kale kinachouzwa kama pambo au ni silaha inayohitaji kibali. Nikauliza, ya kale ni ya tangu lini? Nikajibiwa: 1898. Nikaandika sharti la mstari mmoja, kwamba kama mwaka wa kutengenezwa hauzidi 1898 basi ni ya kale, nikaenda kunywa chai.

Siku ya majaribio ilikuwa aibu tupu. Programu ilikataa bastola iliyotengenezwa Italia mwaka 2009, ambayo mteja anasema kwa sheria ya taifa la Marekani ni "ya kale". Ikakubali Mauser ya mwaka 1896, bunduki ya vita kamili, ambayo risasi zake zinauzwa madukani mpaka leo. Nikadhani nimekosea mahali. Kumbe kwa Mauser ile sikukosea. Sheria yenyewe ndivyo ilivyo.

Huo mwaka 1898 unatoka kwenye sheria ya Marekani ya 1968 ya kudhibiti bunduki. Rais Kennedy aliuawa mwaka 1963 kwa bunduki iliyoagizwa kwa posta, na mwaka 1968 wakauawa Martin Luther King na Robert Kennedy. Bunge likataka kufunga biashara ile ya posta, lakini halikutaka kuwasumbua wakusanyaji wa vitu vya kale. Kwa hiyo sheria ikasema bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake haihesabiwi kuwa bunduki. Soma tena hapo. Si kwamba ni bunduki iliyosamehewa. Kisheria si bunduki.

Ukitazama historia ya ufundi, kipindi hicho hakikosi maana. Kwa karne nyingi bunduki zote zilitumia baruti nyeusi, yaani shura, makaa na kiberiti vilivyochanganywa, kwa kawaida kwa kadiri ya 75, 15 na 10 katika mia. Ni baruti yenye moshi mzito na masizi mengi. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa, Paul Vieille, akapata baruti isiyo na moshi, na mwaka 1886 jeshi la Ufaransa likaanza kutumia bunduki ya Lebel iliyoundwa kwa ajili yake. Miaka kumi na miwili baadaye majeshi makubwa yalikuwa yamekwisha kuhama. Tatizo ni kwamba sheria ya Marekani haikuandika "baruti nyeusi" kwenye kifungu hicho, iliandika tarehe. Mauser za miaka ya 1890 tayari zilikuwa za baruti mpya, nazo zikapita. Bunduki mbili za muundo mmoja, moja ya 1898 na nyingine ya 1899: ya kwanza ni pambo, ya pili ni silaha. Wakusanyaji hukesha wakisoma nambari na chapa zilizogongwa kwenye chuma kama sisi tunavyosoma faili za kumbukumbu za seva usiku wa manane.

Na ile bastola ya Kiitalia? Mwishoni mwa miaka ya 1950 Wamarekani walianza kujitayarisha kuadhimisha miaka 100 ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, wakataka bunduki za kuiga. Mafundi wa bonde la Trompia, karibu na Brescia, wakachangamkia soko, na majina kama Uberti na Pedersoli yametoka huko. Sheria ya 1968 iliziingiza nakala hizi pia, mradi hazikuundwa kwa risasi za kisasa zenye ganda. Mwaka 1998 kikaongezwa kipengele cha tatu: bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, iliyoundwa kwa baruti nyeusi au mbadala wake na isiyoweza kutumia risasi zenye ganda, nayo ni ya kale hata ikiwa imetoka kiwandani jana. (Hiyo ni sheria ya taifa. Baadhi ya majimbo yana masharti yao, na hayo yamenipa mvi.)

Sasa vuka bahari. Ufaransa inatazama mwaka wa muundo, si wa kutengenezwa: nakala ya bunduki iliyobuniwa kabla ya tarehe 1 Januari 1900, isiyotumia risasi zenye ganda la chuma, iko kwenye kundi jepesi kuliko yote. Uingereza ni kinyume. Nakala mpya ni silaha ya kawaida, inahitaji cheti. Ya kale ya kweli imesamehewa, lakini kwa sharti linaloniumiza kichwa mpaka leo: iwe imewekwa kama "kitu cha ajabu au pambo". Ukiwa nayo kwa ajili ya kupiga shabaha, msamaha umekwisha. Yaani jibu haliko kwenye bunduki, liko kichwani mwa mwenye nayo. Naomba mniambie hilo linaingia safu gani ya hifadhidata.

Tena sheria hiyo ya Uingereza, nayo ya 1968, haikueleza neno "ya kale" maana yake nini. Ilikuwa inakwenda kwa maamuzi ya mahakama na orodha ya serikali ya aina za risasi zilizoachwa kutengenezwa. Wahalifu wakaisoma orodha ile vizuri kuliko polisi. Unanunua bastola ya kale kihalali, kisha unatafuta fundi wa kukutengenezea risasi. Mwaka 2017 mahakama ya Birmingham ilimfunga miaka 30 muuzaji silaha mwenye leseni aliyekuwa akifanya kazi hiyo. Kuanzia tarehe 22 Machi 2021 kanuni mpya zikaanza: bunduki iwe imetengenezwa kabla ya tarehe 1 Septemba 1939, na aina saba za risasi zikaondolewa kwenye orodha.

Nilipofika hapo nikajiuliza nani alianza mchezo huu wa kugawa bunduki kwa ufundi wake. Nikasoma, nikajikuta nimerudi nyumbani.

Ulaya ilipokuwa ikibadilisha bunduki za majeshi yake kila baada ya miaka michache, zile zilizoachwa zililetwa Afrika. Mitumba haikuanza jana! Mwaka 1888 konsuli wa Uingereza Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Hofu yake aliiandika waziwazi: isipozuiwa biashara hii, bara hili litatawaliwa kwa taabu, kwa sababu wenyeji wengi watakuwa na bunduki nzuri za kupakiwa kwa nyuma.

Tarehe 2 Julai 1890 mkataba wa Brussels ukatiwa saini. Ulihusu biashara ya watumwa, na ni kweli bunduki zilikuwa zikichochea uvamizi wa vijiji. Lakini tazama mstari ulivyochorwa. Kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini, bunduki zenye mifuo ndani ya mtutu na zile za kisasa zilipigwa marufuku, isipokuwa kwa watawala, majeshi yao na wasafiri wenye dhamana. Kilichoweza kuuzwa, tena kutoka ghala la serikali na kwa sehemu zilizoruhusiwa tu, ni gumegume ya mtutu laini na baruti ya kawaida, ile iliyoitwa baruti ya biashara. Hata bunduki ya fataki haikutajwa kwenye ruhusa. Gumegume! Jeshi la Uingereza lilikuwa limeanza kuziacha kama miaka hamsini nyuma.

Hapa ndipo nilipoweka kikombe chini. Sheria za karne ya 20 zinaisamehe bunduki ya zamani kwa sababu haina madhara makubwa kwa jirani. Mkataba wa 1890 uliiruhusu kwa sababu haina madhara makubwa kwa mtawala. Kigezo ni kilekile, baruti nyeusi na jiwe la cheche, lakini aliyeandika sharti alikuwa anamlinda nani? Viwanda vya Liège na Birmingham viliendelea kuunda gumegume mpya kabisa kwa soko la Afrika pekee.

Menelik wa Ethiopia aliyekuwa na njia zake za kupata bunduki za kisasa aliwashinda Waitalia Adwa mwaka 1896. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Majimaji walifika boma la Mahenge wakiwa na mikuki na magobore, na Wajerumani waliwangoja na bunduki za rashasha. Siwezi kusema mkataba peke yake ndio ulioleta tofauti hiyo. Lakini ulikuwa sehemu yake.

Programu yangu sasa inauliza maswali sita badala ya moja, na sita lenyewe, "unaiweka ya nini?", muuzaji anajijibia mwenyewe. Juzi imeletwa gumegume yenye chapa ya Liège, maelezo yanasema ilitengenezwa kwa biashara ya Afrika, mwaka haujulikani. Huenda ni ya 1850, huenda ni ya 1895. Kwa mnunuzi wa Marekani programu ilisema pambo. Kwa wa Uingereza imeipeleka kwa binadamu aamue, na binadamu huyo bado hajajibu.