Gitaa la Mbao ya Meko

Shingo ya gitaa hili ina matundu ya bungua. Mbao yake ilikuwa sehemu ya meko ya kuotea moto ambayo rafiki wa familia alikuwa akiing'oa nyumbani kwake ili aitupe. Ilikuwa mahogani ya zamani, yenye umri wa miaka mia hivi, na wadudu walikuwa wameshaionja. Kijana aliyeokota kipande kile hakukikataa. Aliyaziba matundu kwa njiti za kiberiti, akapiga msasa, akaendelea na kazi. Tarehe 13 Julai 1985, katika tamasha la Live Aid, aliishika shingo hiyohiyo mbele ya umati uliofurika uwanja wa Wembley.

Kijana huyo ni Brian May, mpiga solo wa bendi ya Queen. Gitaa lenyewe linajulikana kama Red Special, ingawa yeye amezoea kuliita kwa mahaba Bibi Kizee. Wapo wengi waliowahi kujitengenezea gitaa la umeme au la besi nyumbani. Bill Wyman wa Rolling Stones, mwaka 1961, alinunua besi ya bei nafuu, akaukata mwili wake na kuzing'oa freti zote. Lakini sijui gitaa jingine la nyumbani lililosikika duniani kote kama hili.

Kazi ilianza Agosti 1963, Feltham, magharibi mwa London. Brian alikuwa na miaka 16. Baba yake, Harold May, alikuwa mchoraji wa michoro ya kiufundi na mtu wa elektroniki, aliyeajiriwa katika wizara ya usafiri wa anga. Watu wa kizazi chake, waliopitia vita na mgao wa chakula, walizoea kuunda walichokihitaji. Redio ya nyumbani aliiunda mwenyewe, na televisheni vilevile. Kwa hiyo mwanawe alipotamani gitaa kama yale ya Fender, jibu lililokuwa la kawaida katika nyumba ile lilikuwa kuliunda. Kwa miaka mingi baada ya vita Uingereza ilizuia ala za muziki kutoka Marekani, na hata zuio lilipoondolewa mwaka 1959, bei zake zilibaki mbali na mkono wa mtumishi wa kawaida.

Baba na mwana walikigeuza chumba cha ziada kuwa karakana. Shingo ilichongwa kwa kisu kidogo cha mfukoni na msasa. Kiini cha mwili kilikuwa mwaloni wa meza kuukuu, pembeni wakatumia blokibodi, kisha wakafunika kote kwa vinia ya mahogani. Ndani waliacha nafasi wazi kwa makusudi. Brian alitaka sauti ikitoka kwenye amplifaya irudi kuzitikisa nyuzi upya, gitaa liendelee kuimba hata mkono ukiwa umetulia. Alama za kuonyesha nafasi za vidole zilitokana na vifungo vya lulu vya mama yake, kutoka kisanduku cha kushonea.

Utundu wa kweli, kwa maoni yangu, uko kwenye tremolo, ule mkono unaobonyezwa ili sauti ishuke na kupanda. Magitaa mengi ya wakati ule yalikuwa na aibu moja: ukiubonyeza mkono ukauachia, nyuzi hazirudi sawasawa zilipokuwa, na gitaa linatoka kwenye tuni katikati ya wimbo. Akina May walielewa kwamba adui ni msuguano. Bamba linaloshika nyuzi wakaliegemeza juu ya ncha kali ya chuma kigumu, liyumbe kama mizani ya dukani. Dhidi ya mvuto wa nyuzi wakaweka springi mbili za valvu za pikipiki ya Panther ya mwaka 1928. Darajani, kila uzi ukapewa kigurudumu chake kidogo cha chuma ili uteleze badala ya kujikwaruza. Mkono wenyewe ulitoka kwenye kishikio cha mkoba wa baiskeli, na ncha yake ni kipande cha sindano ya plastiki ya kufumia sweta. Chombo kikafanya kazi, tena kwa ulaini ambao viwanda vingi havikuwa nao.

Kwenye pikapu walikwama. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya na kupelekwa kwenye amplifaya. Brian alizitengeneza zake kwa sumaku za dukani na zikatoa sauti nzuri, ila kila alipouvuta uzi kando kwa kidole, ilisikika kelele ya ajabu, kwa sababu ya jinsi ncha za sumaku zilivyopangwa. Mwishowe alinunua pikapu tatu za Burns, akazijaza gundi ya Araldite zisipige mluzi. Kila moja aliipa swichi mbili, ya kuiwasha na ya kugeuza mwelekeo wa umeme wake. Humo ndimo zilimotoka sauti zile za Queen ambazo mara husikika kama tarumbeta, mara kama fidla.

Sasa tutoke chumbani tuingie mtaani, maana hapa hadithi inatuhusu sisi wa pwani. Januari 1964 Mapinduzi yalitokea Zanzibar. Miongoni mwa waliohama mwaka huo ni Bomi na Jer Bulsara, Waparsi wa Mji Mkongwe, pamoja na binti yao na kijana wao wa miaka 17, Farrokh, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Walifikia Feltham. Nyumba yao ilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu dakika chache tu kutoka kwa akina May. Gitaa likipigwa msasa huku, kijana wa Unguja alikuwa kule akijifunza baridi ya London, na hawakujuana. Walikuja kukutana miaka kadhaa baadaye, kupitia rafiki wa chuoni. Mwaka 1970 ikazaliwa Queen, na Farrokh akawa Freddie Mercury.

Mwaka uliofuata John Deacon akajiunga kupiga besi, naye alikuwa na mkono uleule wa kufufua vilivyotupwa. Aliokota kwenye taka saketi ya redio ndogo ya transista, akaifunga ndani ya boksi la spika na kuliendesha kwa betri. Brian akalichomekea Bibi Kizee, na amplifaya hiyo ya jalalani ikatumika studio kwenye rekodi nyingi za bendi.

Kilichonigusa kuliko yote ni Harold. Alikuwa amempa mwanawe miaka miwili ya jioni zake, kisha gitaa walilolijenga pamoja likamwondoa kijana kwenye masomo ya udaktari wa fizikia ya anga pale Imperial College. Baba aliumia, na uhusiano wao ukapoa. Ilimpasa kusafiri hadi New York na kuketi ndani ya Madison Square Garden, aone maelfu wakisimama kwa sauti iliyotoka chumbani kwake, ndipo alipomwambia Brian kwamba sasa ameelewa. Alifariki mwaka 1988. Hakuwahi kujua kwamba mwanawe alirudi chuoni na mwaka 2007 akaimaliza ile shahada, utafiti juu ya vumbi linaloelea baina ya sayari.

Septemba 2016, kibao cha buluu cha ukumbusho kilizinduliwa kwenye ukuta wa nyumba ya akina Bulsara pale Feltham. Brian May alikuwepo, mvi zimemjaa kichwani, amesimama na dada yake Freddie katika mtaa ambao angeweza kuufikia kwa miguu enzi zile anachonga shingo kwa kisu.