Mwanzi Mmoja, Fimbo Nyingi: Historia ya Vipimo Vilivyoupa Mwanzi Thamani

Ndugu mkulima na ndugu mfanyabiashara, wengi wetu tunaujua mwanzi kwa uzio, tenga na dari, na wenzetu wa Iringa na Njombe wanaujua zaidi kwa ulanzi. Leo tuangalie kazi yake nyingine: fimbo za kuvulia samaki aina ya trauti, zilizochongwa na mafundi wa Marekani kwa zaidi ya miaka 100. Siwashauri mpande mianzi kwa ajili ya fimbo hizo, maana soko lake ni dogo. Naileta historia hii kwa sababu inajibu swali linalotusumbua kila msimu: kwa nini mwanzi uleule kwa mmoja ni fito za banda, na kwa mwingine ni mali ya kurithisha watoto?

Mwanzi wenyewe

Katika miaka ya 1840, fundi wa bunduki aitwaye Samuel Phillippe, wa mji wa Easton, Pennsylvania, alianza kupasua mwanzi na kuunganisha vipande vyake kwa gundi ili kupata fimbo. Baadaye Hiram Leonard wa Bangor, Maine, alitengeneza mashine ya kukata vipande hivyo, na fimbo ya vipande sita ikawa bidhaa ya dukani. Mwanzoni walitumia mwanzi wa India. Karne ya 20 ilipoingia wakahamia mwanzi wa China uliokuja kuitwa Tonkin.

Jina hilo linapotosha. Tonkin ni eneo la Vietnam, ilhali mwanzi huu unatoka jimbo la Guangdong, China, hasa vilima vya Huaiji. Wakulima wa huko huukata ukishakomaa, huusugua kwa mchanga mtoni, huuanika juani, kisha huunyoosha kwa moto na kuufunga mafungu. Sifa yake kubwa ni nyuzi nyingi zilizosongamana karibu na ganda la nje. Fundi huchonga upande wa ndani tu, na ganda la nje hulikwangua kidogo sana, kwa sababu nguvu yote iko hapo.

Mchongoko ni nini?

Anayevua trauti kwa njia hii hutumia nzi bandia wa manyoya, asiye na uzito wowote. Kinachorushwa ni mshipi, na kinachourusha ni fimbo inapopinda na kunyooka. Kwa hiyo jinsi fimbo inavyopungua unene kutoka mkononi hadi nchani, yaani mchongoko wake, ndiyo huamua tabia yake yote.

Fundi hupima unene kila baada ya inchi 5, akihesabu kwa elfu moja za inchi. Nchani fimbo huwa na unene usiofika milimita 2. Vipande sita vya pembetatu huchongwa kwa randa, kila kimoja kikiwa na kina cha nusu ya unene wa fimbo mahali hapo, kisha hugandishwa pamoja. Kosa dogo hapa ni kubwa, kwa sababu ugumu wa fimbo huongezeka kwa unene uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ukiongeza unene kwa asilimia 10 tu, ugumu unapanda kwa takriban asilimia 46.

Mafundi na vipimo vyao

Edward Payne alijifunza kazi kwa Leonard, na mwanawe Jim akaiendeleza. Fimbo zao hupinda taratibu kutoka nchani kuelekea mkononi, kadiri mshipi unavyorefuka. Hazina pahali panapolegea ghafla, na ndiyo maana mvuvi wa kawaida anaziweza.

Everett Garrison alikuwa mhandisi, naye akaingia kwa hesabu. Alijumlisha uzito wa mshipi, wa mwanzi na hata wa vanishi, akazidisha kwa nne ili kufidia nguvu ya kurusha, kisha akatafuta unene unaofaa kila mahali. Alifariki mwaka 1975. Mwaka 1977 mwanafunzi wake Hoagy Carmichael alitoa kitabu kinachoeleza hesabu zote hizo. Tangu hapo mtu yeyote mwenye randa na subira anaweza kuifuata njia ya Garrison.

Paul Young wa Detroit alichukua njia nyingine. Aliuchoma mwanzi kwa moto hadi ukawa wa kahawia, na baadhi ya fimbo zake, kama Para 15, alizifanya zipinde hadi karibu na mkono. Huko Ufaransa Charles Ritz, wa familia yenye hoteli ya Ritz, alikuwa ameutangaza mtindo wa namna hiyo. Fimbo hizi hurusha mbali, ila humdai mvuvi subira. Akiharakisha, mshipi unamwangukia.

Lyle Dickerson, naye wa Detroit, alipenda fimbo zenye nguvu, na akaziita kwa vipimo vyake. Ukisikia 8013, ujue ni futi 8 na inchi 0, yenye kiungio cha 13 kwa 64 za inchi. Mnunuzi alijua anachonunua kabla hajakishika.

Soko lilipofungwa

Desemba 1950, wakati wa vita vya Korea, Marekani ilizuia biashara na China. Mwanzi wa Tonkin ukakatika hadi vikwazo vilipolegezwa mwaka 1971. Wenye akiba ghalani waliendelea, ila wengi waliishiwa, na fimbo za nyuzi za kioo zikachukua soko. Mianzi ya Huaiji haikuwa imeharibika, wala mafundi hawakuwa wamesahau kazi. Ila pande zote mbili zilikuwa zimetegemea mlango mmoja.

Tujifunze nini?

Kwanza, mali bila daftari hupotea bila habari. Njia ya Garrison inafuatwa hadi leo kwa sababu iliandikwa. Wewe nawe andika: mwanzi umekatwa ukiwa na umri gani, umekauka siku ngapi, una unene gani.

Pili, panga kwa daraja na uziite bidhaa zako kwa vipimo, kama Dickerson. Mnunuzi anayejua anachopata habishani sana bei.

Tatu, usitegemee mnunuzi mmoja.

Mwisho, angalia nani anakumbukwa. Wavuvi wanawataja Payne, Garrison na Young, lakini mkulima aliyesugua mwanzi kwa mchanga mtoni hatajwi. Aliuza nguzo, wenzake wakauza kipimo. Trauti walipandikizwa katika mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya, mwaka 1905, na mianzi inamea kwenye milima hiyohiyo. Maumbile hayajatunyima. Kabla hujapakia mzigo ujao, chukua futi kamba, pima, panga, andika, halafu ndipo utaje bei.