Jinsi ya kupata anwani kamili ya hati katika mtandao wa ofisi

KARANI anayefungua hati katika programu ya Microsoft Word aghalabu hajui imehifadhiwa wapi. Ajualo ni kwamba iko katika “F”. Anapomwagiza mwenzake wa chumba cha pili airekebishe, mwenzake haioni, kwani katika tarakilishi yake F ni kitu kingine kabisa, pengine flashi aliyoichomeka asubuhi. Hapo ndipo nakala hutumwa kwa baruapepe, na kufikia jioni hati moja imekuwa mbili, kila moja ikiwa na marekebisho yasiyokuwa katika nyingine. Ikiwa ni mkataba, hasara yake haihitaji kuelezwa.

Herufi hizo ni urithi wa mfumo wa MS-DOS. A na B zilitengewa disketi, C ikawa ya diski ya ndani, na zilizosalia zikaachiwa vifaa vingine, zikiwemo folda za mtandaoni. Kwa kuwa kila tarakilishi hujipangia herufi zake, F ni lakabu tu. Anwani rasmi huanza kwa mikwaju miwili inayoinama nyuma, ikifuatwa na jina la seva, folda inayotumiwa kwa pamoja, na hatimaye jina la hati.

Katika Word ya mwaka 2010 na zilizofuata, mtumiaji hubonyeza “File”, kisha “Info”, na mahali hati ilipo huonekana chini ya jina lake. Ila Word huonyesha njia iliyotumiwa kuifungua. Iliyofunguliwa kupitia F itaonyesha F, na anayeinakili njia hiyo na kumtumia mwenzake atakuwa hajamsaidia kitu.

Dawa ni kubonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, kuandika cmd, kisha katika kidirisha cheusi kinachofunguka kuandika net use. Jedwali litatokea, kila herufi ikiwa mkabala na anwani inayoiwakilisha. Ikiwa F ni \\seva1\hazina, basi F:\mikataba\kodi.docx huwa \\seva1\hazina\mikataba\kodi.docx. Kinachobadilika ni mwanzo pekee.

Ofisi zinazochapisha karatasi nyingi hufanya vyema kuiweka njia hiyo chini ya kila ukurasa, kupitia “Insert”, “Quick Parts”, “Field” na “FileName”, kisha kutia alama penye “Add path to filename”. Hati ikihamishwa, maandishi hayo hayabadiliki papo hapo. Sharti yachaguliwe na kitufe cha F9 kibonyezwe.

Hati zilizo katika OneDrive au SharePoint hazina mikwaju hiyo miwili. Anwani zake huanza kwa https. Kwa vyovyote vile, anwani si ruhusa. Asiyeidhinishwa na msimamizi wa mtandao atakataliwa mlangoni hata akiiandika bila kosa.