Mabasi madogo ya shule na maji ya Bujumbura

Bandari ya Bujumbura, kaskazini mashariki mwa Ziwa Tanganyika, ndiyo lango la Burundi kwa shehena zinazopita majini kutoka Kigoma (Tanzania) na Mpulungu (Zambia). Malori yanayotoka bandarini hutumia barabara moja na mabasi madogo ya shule, hasa Toyota Hiace na Coaster. Mvua huanza takriban Septemba na kuendelea hadi Mei, na sehemu kubwa ya msimu huo watoto wako shuleni.

Msafirishaji wa Bujumbura hukabili maji ya aina mbili. Kila moja ina kanuni yake, na kuzichanganya ni hatari.

Maji ya milimani

Mito Ntahangwa, Muha na Kanyosha hushuka kwa kasi kutoka milima iliyo mashariki mwa mji. Mvua ikinyesha juu, mto unaweza kufurika mjini hata kama hapo hakujanyesha. Usiku wa tarehe 9 Februari 2014 mafuriko ya namna hii yaliua watu zaidi ya 60, wengi wao katika mitaa ya kaskazini kama Kamenge na Kinama.

Maji haya huja kwa nguvu na mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Kanuni yake ni kusubiri. Kwa vipimo vya mamlaka ya hali ya hewa ya Marekani, maji ya kasi yenye kina cha sentimita 30 yanaweza kusomba gari dogo, na ya sentimita 60 yanaweza kusomba magari mengi, yakiwemo pikapu.

Maji ya ziwa

Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, unaoanzia Kalemie nchini Kongo. Maji yake mengi hupungua kwa kugeuka mvuke, hivyo ziwa likijaa hukaa juu kwa miezi mingi. Lilipanda sana mwaka 1964, kisha 2021 na 2024, likaingia katika maeneo ya pwani kama Kibenga na Kajaga. Aprili 2024 serikali ya Burundi na Umoja wa Mataifa ziliomba msaada wa kimataifa kwa ajili ya waathirika. Huko Gatumba, kwenye barabara ya Uvira, Mto Rusizi ulifurika mwaka 2020 na kuwaacha maelfu bila makazi.

Hapa kusubiri hakusaidii. Kanuni ni kubadili njia: shule, wazazi na mwenye basi wakubaliane kabla ya msimu juu ya kituo kingine cha kuchukulia watoto, mahali pa juu. Maji yaliyotulia huonekana salama, lakini huficha mashimo yaliyochimbwa na malori na mitaro isiyo na mifuniko.

Gari lenyewe

Injini ya Hiace nyingi iko chini ya viti vya mbele. Dereva ajue tundu la kuvutia hewa liko urefu gani kutoka chini. Injini ikivuta maji huzimika, na kupiga stata tena kunaweza kupinda koneki-rodi, kwa kuwa pistoni haiwezi kugandamiza maji. Gari livutwe hadi kwa fundi.

Baada ya kupita majini, breki zibonyezwe taratibu mara kadhaa zikauke. Oili ya gia na ya difu ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, ibadilishwe.

Waagizaji wa magari waangalie pia mlango. Burundi magari hupita kulia, lakini mabasi mengi yaliyotumika Japani yana mlango wa abiria upande wa kushoto. Mtoto huteremkia katikati ya barabara, na kwenye mvua kubwa dereva wa lori hamwoni mapema. Basi la namna hiyo liegeshwe nje ya barabara, na msaidizi ateremke kwanza.

Malipo ya dereva

Dereva anayelipwa kwa tripu ana sababu ya kulazimisha kupita. Mwenye basi anashauriwa kukubaliana naye mapema kwamba tripu iliyokatishwa kwa sababu ya maji italipwa kama kawaida. Gharama hiyo ni ndogo kuliko ya injini moja, na haiwezi kulinganishwa na basi lililojaa watoto.