Maksai, Risasi na Dola 700

Mwishoni mwa mwaka 1971, watoto wa darasa la nane katika shule moja ya Minneapolis, jimbo la Minnesota, waligombania nafasi mbele ya mashine isiyo na kioo. Ilikuwa teletaipu, kibodi nzito yenye bunda la karatasi mgongoni, iliyochapa kila herufi kwa kishindo na kuzungumza kwa laini ya simu na kompyuta ya shule za mji huo. Karatasi iliposimama, mtoto mmoja alitakiwa kuchapa upesi neno BANG, yaani mlio wa bunduki, bila kukosea hata herufi moja. Akichelewa, mnyama anayewindwa ametoroka na chakula cha safari kinazidi kupungua.

Mchezo huo ulikuja kujulikana duniani kote kwa jina la The Oregon Trail. Watu wengi wanaoukumbuka wanadhani ni kazi ya kampuni kubwa ya michezo. Ukweli ni kwamba ulitengenezwa na vijana watatu wa chuo cha Carleton waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha na kuishi nyumba moja.

Don Rawitsch alikuwa akifundisha historia ya Marekani, na alikuwa amefika kwenye somo la walowezi waliohamia magharibi katika karne ya 19. Hakutaka wanafunzi wakariri tarehe na majina. Alichora ramani kubwa, akaandaa karata na dadu, kusudi darasa lisafiri juu ya karatasi hiyo kutoka Missouri hadi Oregon. Wenzake wawili, Bill Heinemann na Paul Dillenberger, walikuwa walimu wa hisabati waliojua kuandika programu za kompyuta. Heinemann alipoiona ramani ile, aliona mara moja kwamba kazi ya dadu ingeweza kufanywa na mashine, na vizuri zaidi, kwa sababu mashine ingekumbuka kila senti iliyotumika na kila maili iliyopitwa.

Somo lilikuwa limekaribia, na walikuwa na wiki mbili hivi tu. Heinemann na Dillenberger waliandika programu jioni baada ya vipindi, wakitumia teletaipu iliyokuwa katika chumba kidogo kilichowahi kuwa stoo ya mfanya usafi. Tarehe 3 Desemba 1971 mchezo uliingia darasani kwa mara ya kwanza. Muda si mrefu watoto wakawa wanapanga foleni kabla ya kengele ya asubuhi na baada ya masomo.

Hawakuwa wa kwanza kujaribu jambo la namna hiyo. Mwalimu Mabel Addis wa jimbo la New York alikuwa ameandika The Sumerian Game kwa kushirikiana na kampuni ya kompyuta ya IBM, na mwaka 1964 watoto wa darasa la sita walijaribu kupitia mchezo huo kuutawala mji wa kale wa Lagash, wakiamua nafaka kiasi gani iliwe na kiasi gani ipandwe. Yeye pia alianza na somo, mashine ikafuata. Katika historia hii mpangilio huo una uzito mkubwa kuliko mashine zenyewe.

Ili kuelewa kwa nini watoto walinaswa, inafaa kuutazama mchezo kwa karibu, kama ulivyochapishwa baadaye, mwaka 1978, katika gazeti la Creative Computing. Ni mwaka 1847. Familia yako ina dola 900, na 200 zimeshakwenda kwenye gari la kukokotwa. Zimebaki 700 za kununulia maksai, chakula, risasi, nguo na mahitaji mengine, na mbele yako kuna maili 2,040, yaani zaidi ya kilomita 3,200. Maksai unaweza kuwanunua kwa dola 200 hadi 300. Ukibana pesa hapo, utatembea polepole. Ukiwanunua walio bora, utakula maili nyingi zaidi kila wiki mbili, lakini pesa ya nguo itapungua, na bila nguo za kutosha baridi ya milimani itakuangusha. Dola moja hununua risasi 50. Kila wiki mbili unaulizwa utakula kidogo, wastani au vizuri. Ukila kidogo unaokoa chakula na kukaribisha ugonjwa. Ukila vizuri mfululizo, itabidi usimame kuwinda, na kila siku ya kuwinda ni siku ya kuchelewa, wakati theluji haikusubiri.

Hakuna jibu moja sahihi hapo. Mtoto anajifunza upungufu kwa kuupata, na anajifunza hesabu kwa sababu anaihitaji. Mwalimu anaweza kulieleza jambo hilo ubaoni kwa saa nzima na bado lisiingie kama linavyoingia pale familia nzima inapofia njiani kwa sababu kundi lilipuuza kununua dawa.

Tena watoto hawakucheza mmoja mmoja, maana mashine ilikuwa moja. Makundi yaligawana kazi yenyewe: mwenye vidole vyepesi alikaa kwenye kibodi ili uwindaji usiharibike, mwenye kichwa cha hesabu alishika bajeti, mwingine akafuata safari kwenye ramani. Kabla ya kila uamuzi palikuwa na mabishano. Leo uhaba wa kompyuta shuleni huzungumzwa kama kasoro tupu, na mara nyingi ni kasoro kweli. Lakini katika darasa la Rawitsch, sehemu kubwa ya somo ilitoka kwenye mabishano hayo, na mabishano yalikuwepo kwa sababu watoto walilazimika kukubaliana kabla kitufe hakijabonyezwa.

Muhula ulipokwisha, Rawitsch aliichapa programu nzima kwenye karatasi, akaikunja na kuondoka nayo. Kwenye kompyuta ya mji ikafutwa.

Mwaka 1973 serikali ya Minnesota ilianzisha shirika la MECC ili kusambaza huduma za kompyuta katika shule za jimbo, za mijini na vijijini, na mwaka uliofuata Rawitsch akaajiriwa huko. Mwishoni mwa 1974 aliitoa ile karatasi na kuichapa upya mstari kwa mstari. Kisha akafanya kazi ambayo kwenye masimulizi mengi hupitiwa haraka: alisoma shajara za wasafiri wa njia ile na kuhesabu ni mara ngapi walikutana na mvua kubwa, gurudumu kuvunjika, maradhi au ng'ombe kupotea, na mahali gani. Uwezekano wa kila tukio ukapangwa upya kulingana na kumbukumbu hizo. Shajara zilionyesha pia kwamba wenyeji wa asili mara nyingi waliwasaidia walowezi, na katika programu iliyochapishwa wapo wanaomwonyesha msafiri mahali pa kupata chakula. Bahati nasibu ya mchezo ikawa imebeba utafiti wa historia.

Shule zilikuwa zikiingia kwenye kompyuta ya MECC kwa simu, na mchezo huu ukawa miongoni mwa programu zilizopendwa kuliko zote. Mwaka 1978 MECC ilinunua kompyuta 500 za Apple II kwa ajili ya shule. Mashine zikaanza kukaa ndani ya madarasa yenyewe, zikiwa na kioo na diski. Mwaka 1985 timu iliyoongozwa na R. Philip Bouchard ilitoa toleo jipya kabisa, lenye picha, mito ya kuvuka, majina ya wanafamilia na mawe ya makaburi ambayo mchezaji wa baadaye angeweza kuyakuta njiani. Kizazi kizima cha Wamarekani kinalikumbuka toleo hilo, hasa lile tangazo la kwamba fulani amekufa kwa kuhara damu. Vijana watatu waliouanzisha mchezo hawakulipwa hata senti ya mauzo. MECC yenyewe iliuzwa kwa kampuni ya programu ya SoftKey mwaka 1996, na ofisi zake za Minnesota zikafungwa mwaka 1999.

Mafanikio hayo yana upande mwingine. Mtoto aliyecheza aliingia kwenye safari akiwa mlowezi, na alifika Oregon akiwa mlowezi. Nchi iliyopitwa ilionekana kama nyika tupu yenye wanyama wa kuwinda. Wenyeji walijitokeza kama msaada au kama hatari, kisha wakatoweka. Katika safari ya kweli wauaji wakubwa walikuwa kipindupindu na ajali za mito na bunduki, na waliopoteza zaidi kwa uhamiaji huo ni mataifa yaliyonyang'anywa ardhi. Mchezo uliojengwa juu ya shajara za wasafiri ulibeba macho ya wasafiri. Hilo lilikuwa pengo la somo lenyewe, na picha nzuri zaidi au mashine zenye kasi zaidi zisingeweza kuliziba.

Jibu la maana lilikuja mwaka 2019, kwa mchezo uitwao When Rivers Were Trails, uliotengenezwa na taasisi ya Indian Land Tenure Foundation pamoja na maabara ya michezo ya Chuo Kikuu cha Michigan State. Mbunifu Elizabeth LaPensée alifanya kazi na waandishi wengi wa mataifa ya wenyeji. Mchezaji ni mtu wa Anishinaabe, mojawapo ya mataifa hayo, anayefukuzwa Fond du Lac, katika jimbo lilelile la Minnesota, miaka ya 1890, baada ya sheria ya mwaka 1887 iliyokata ardhi ya pamoja kuwa vipande vya watu binafsi. Anaelekea California, akiwinda, akivua samaki, akibadilishana vitu na kukwepa maofisa wa serikali. Anatakiwa kulinda afya ya mwili, lakini pia ya akili, hisia na roho. Taasisi hiyo iliuandaa uende sambamba na mtaala wake wa shule kuhusu historia ya ardhi, na mwalimu anaweza kuupata bure.