Baridi ya Julai katika Nyeri na miji ya Mlima Kenya

Baridi ya Julai ni kipindi cha ubaridi, ukungu na manyunyu kinachozifunika nyanda za juu za kati nchini Kenya kuanzia Juni hadi Agosti. Wapwani hukiita kipupwe, Wakikuyu gathano. Huanza taratibu, kisha katika Julai huja wiki ambazo jua halichomozi kabisa, na hizo ndizo wakazi wa Nyeri, Othaya, Karatina, Kerugoya, Embu na Meru wanazozikumbuka.

Takwimu peke yake hazisimulii ukali wake. Nyeri iko mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari. Julai, kipimojoto hushuka usiku hadi karibu nyuzi 11 za Selsiasi na mchana hupanda kufika 20 au zaidi kidogo. Mtu wa Toronto angetembea na shati tu. Lakini nyumba nyingi za huku ni za mbao au mawe, zimeezekwa mabati, hazina dari wala kifaa chochote cha kupasha chumba joto. Wingu likikaa wiki nzima, adhuhuri yenyewe huweza kushindwa kufika nyuzi 18. Nguo zilizoanikwa Jumatatu bado zina unyevu Alhamisi. Ukitoka nje unakuta baridi ileile uliyoiacha ndani.

Chanzo chake kiko mbali, baharini. Katika miezi hiyo ni majira ya baridi kusini mwa dunia, na mgandamizo mkubwa wa hewa huimarika karibu na visiwa vya Mascarene, mashariki mwa Madagaska. Kutoka huko huvuma kusi, upepo uleule ambao mabaharia wa Lamu na Mombasa waliutegemea kwenda Uarabuni. Ukiingia bara hukutana na miinuko, hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka wingu pana lililo chini. Hewa yenye joto iliyotanda juu yake hulibana kama kifuniko cha sufuria, basi wingu halipandi na kuwa mvua kubwa, wala halitawanyiki. Linabaki kudondosha rasharasha.

Mlima wenyewe hugawa baridi hiyo bila usawa. Miteremko ya mashariki na kusini hupokea wingu kwanza. Nyuma ya mlima, Kieni na Nanyuki, jua huonekana mara nyingi zaidi, ila usiku wenye anga safi huwa na baridi kali kuliko ule wa Nyeri, kwa kuwa hakuna wingu la kuzuia joto la ardhi lisitoroke.

Hapo ndipo sakitu inapotofautiana na baridi ya Julai, ingawa mara nyingi huchanganywa. Sakitu hupenda usiku mkavu usio na wingu, na ndiyo maana nchini Kenya imewahi kuleta hasara kubwa katika kiangazi: Januari 2012 iliunguza majani chai Kericho na Nandi. Mvua ya mawe nayo ni jambo jingine. Mwanzoni mwa Septemba 2008, huko Busara karibu na Nyahururu, mawe ya barafu yalianguka kwa wingi hata yakashikana na kuufanya mteremko kuwa mweupe. Wakazi walimiminika kuyatazama wakidhani ni theluji.

Mashambani, baridi ya Julai haiui mimea kwa usiku mmoja. Huichelewesha. Mchai karibu huacha kuchipua joto likishuka kufikia nyuzi 13, kwa hiyo kilo zinazopelekwa kwenye viwanda vya Chinga, Iriaini, Gathuthi, Gitugi na Ragati hupungua, huku mchumaji akiingia shambani alfajiri kati ya vichaka vilivyolowa umande hadi kiunoni. Kahawa ina adui wake: chulebuni, ugonjwa wa kuvu uliotambuliwa magharibi mwa Kenya mwaka 1922, hustawi penye ubaridi na unyevu na huozesha buni zikiwa bado changa. Aina za zamani zinazopendwa kwa ladha, SL28 na SL34, hazina kinga nao. Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, na Batian, iliyofuata mwaka 2010, zilizalishwa kwa sababu ya tishio hilo.

Gharama iliyo nzito zaidi hulipwa nyumbani. Nimonia huwawinda watoto wachanga na wazee. Hatari nyingine ni jiko la makaa linaloingizwa chumbani usiku na mlango kufungwa. Makaa yakiungua penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi. Aliyelala hapati dalili ya kumwamsha. Onyo hili hurudiwa kila msimu, na kila msimu lina haki ya kurudiwa: jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata likiwa limebaki na majivu mekundu tu.

Chini zaidi, katika mashamba ya mpunga ya Mwea, baridi hupangiwa kalenda. Mpunga ukikutwa na siku za ubaridi wakati masuke yanaundwa, punje nyingi hubaki tupu. Kwa hiyo wakulima hupandikiza miche ya msimu mkuu kuanzia Agosti hivi, ili mpunga uchanue Oktoba na Novemba, kusi ikiwa imekwisha kupoa.