Tamthilia za Wasifu wa Kale

Tamthilia za wasifu wa kale ni michezo ya jukwaani ambayo watunzi wake hutwaa habari za maisha ya watu mashuhuri wa zamani, kama zilivyohifadhiwa vitabuni, wakazigeuza kuwa matendo na maneno mbele ya hadhira. Mfano ulio bora ni tamthilia za Kirumi za William Shakespeare, zilizochotwa katika maandishi ya Plutarch, mwanachuoni wa Kiyunani wa Chaeronea aliyezaliwa karne ya kwanza baada ya Kristo.

Chimbuko. Katika kitabu chake cha maisha ya watu mashuhuri, Plutarch aliwapanga watu wake wawili wawili, Myunani kwa Mrumi, akazipima tabia zao. Na katika dibaji ya maisha ya Alexander alibainisha ya kuwa neno dogo au mzaha huweza kuifichua tabia ya mtu kuliko vita vilivyoangamiza maelfu. Jacques Amyot alikifasiri kitabu hicho kwa Kifaransa mwaka 1559, na kutoka Kifaransa Thomas North akakitia katika Kiingereza mwaka 1579. Fasiri hiyo ya North ndiyo aliyoitumia Shakespeare.

Kazi ya mtunzi. Kwanza, mtunzi hufupisha wakati. Katika Julius Caesar, iliyochezwa London mwaka 1599, shangwe za ushindi wa Caesar za mwaka 45 K.K. na sikukuu ya Lupercalia ya Februari 44 K.K. zimekutanishwa siku moja. Na mapigano mawili ya Filipi ya mwaka 42 K.K., yaliyoachana kwa majuma kama matatu, yamekuwa vita vya siku moja.

Pili, hukuza aliye mdogo. Domitius, ambaye Plutarch amtaja kwa maneno machache tu, kwamba alimtoroka jemadari wake Antony naye Antony akampelekea mizigo yake na watumishi wake, hata akafa kwa majuto, amekuwa kwa Shakespeare, katika tamthilia ya Antony and Cleopatra, Enobarbus, askari mwenye ulimi mkali. Na ndiye aliyekabidhiwa kuisifu jahazi ya malkia Cleopatra, tanga zake za zambarau na makasia yake ya fedha, kwa maneno yaliyo karibu sana na yale ya North.

Tatu, huwapa kauli walionyamaza. Plutarch asimulia kwa ufupi kuwa Antony alihutubu mazikoni mwa Caesar, na alipoona umati umeingiwa na huruma akalikunjua vazi la Caesar lililotapakaa damu. Katika habari hiyo fupi Shakespeare aliizua khutba nzima, ambayo kwa ufasaha wake yawageuza raia waliokuwa wakimsifu Brutus, mmoja wa waliomwua Caesar, wakawa wanaitafuta nyumba yake waichome.

Mpaka wa uhuru. Ijapokuwa siku zimepunguzwa na maneno yamezidishwa, Caesar huanguka kwa majambia ya rafiki zake, na Brutus hufa kwa upanga wake mwenyewe, kama ilivyoandikwa. Mtunzi aliye mwadilifu ana ruhusa ya kupanga upya nyakati. Kubadili hatima ya mtu na kusingizia tabia yake ni kuwadhulumu wafu wasioweza kujitetea.

Katika Kiswahili. Julius Kambarage Nyerere aliifasiri Julius Caesar, ikachapishwa mwaka 1963, na fasiri iliyosahihishwa ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari.